Inchi Nne za Mama Mkwe

Waliosoma wiki jana wanajua nilipoangukia. Wasiosoma nawapa kwa kifupi, maana aibu ya mtu mwenyewe akiirefusha sana, watu watadhani anaionea fahari.

Mimi ni fundi cherehani, mwaka wa ishirini na mbili huu. Mama mkwe wangu ni sajini wa barabarani aliyestaafu juzi juzi tu, miaka thelathini na nne akisimamisha magari njia panda ile ile. Madereva walimbatiza Taa Nyekundu. Siku ya kuagwa kwake kazini nilimshonea gauni. Alipopanda jukwaani kupokea cheti, bega la gauni likateremka, kiuno kikazunguka kikaishia mgongoni, na mkuu wake wa kazi akamdaka akidhani anaanguka. Watu walicheka. Mama mkwe hakucheka.

Mke wangu akaniuliza nimeshonaje. Nami, badala ya kumeza mate, nikamjibu kwamba nimeshona kwa vipimo alivyoniletea yeye, na kama alimpima mama yake kwa hatua za miguu, hilo si kosa la cherehani. Hapo ndipo tulipoachana wiki jana: yeye anafunga begi, pacha wetu wanavaa viatu.

Msomaji mmoja amenitumia ujumbe kwamba kabla ya gauni ningejishona mdomo kwanza. Ushauri nimeupokea.

Jumatatu asubuhi simu ikalia, ujumbe wa mke wangu. Hakuna salamu. "Jumamosi Mama anapigwa picha ya kutundikwa ofisini, kwenye safu ya wastaafu. Gauni likimkaa, Jumapili tunarudi. Lisipomkaa, usihangaike kutufuata."

Nikasoma mara tatu. Halafu nikaenda kupima kitambaa kilichobaki, kile kile cha kijani kilichokolea. Mita tatu kamili, na dukani kimekwisha. Maana yake mkasi ukiteleza mara moja, nimebaki mseja mwenye pacha wa kuwatembelea.

Utasema, si uende ukampime? Nenda wewe ukampime mkweo, kisha uje unisimulie. Miaka kumi na moja namwamkia mama yule nikiwa nimekodolea kucha zake za miguu. Ukiniuliza rangi ya macho yake sijui. Leo nizungushe futi kifuani pake?

Na sanamu langu la kuvalisha nguo halikuweza kunisaidia. Lina kiuno cha mtu ambaye hajawahi kuzaa wala kula akashiba.

Aliyenitoa kwenye tope, au aliyenizamisha vizuri zaidi, ni shemeji yangu. Huyu ni kitinda mimba wa Taa Nyekundu, mtu mzima na ndevu zake, fundi wa kompyuta chumba cha pili kutoka kwangu. Watu wanamwita Kebo. Dada yake alipoondoka yeye hakuchagua upande, alichagua kuendelea kunywa chai yangu.

Jumanne akaja na kikombe mkononi, akanikuta nimelikumbatia lile sanamu nalifunga matambara kiunoni ili linenepe. Akanitazama weee. Akasema kuna mchezo wa kwenye kompyuta, watu maelfu wanaucheza kwa pamoja, kila mmoja yuko kwake, wote ni mashujaa wenye nguvu za ajabu katika mji mmoja. Wanaruka angani, wanarusha moto, wanapigana na majambazi. Lakini kabla hawajakuruhusu kuingia mjini, unatengeneza kwanza mwili wako. Unachagua urefu, mabega, kifua, kiuno, nyonga, kisha unauvalisha nguo na kuuzungusha uone mbele na nyuma.

Ya moto na majambazi sikuyasikia. Niliusikia mwili.

Kabla chai haijapoa, kompyuta ilikuwa juu ya meza yangu ya kukatia, kati ya chaki na mkasi. Kwenye skrini alisimama mtu mweupe kama unga, hana nywele wala sura, ananingoja. Pembeni kulikuwa na vijiti vya kusogeza, kushoto kupunguza, kulia kuongeza. Nikachukua karatasi ya vipimo iliyoandikwa kwa mkono wa mke wangu, nikaanza.

Kebo akanieleza kuwa mashujaa wengi wanapenda mabega mapana na kiuno cha nyigu. Nikamwambia akae kimya, hapa kazini. Nikasogeza nyonga kulia. Nikasogeza tena. Mchezo ukagoma, kijiti kikafika mwisho. Inaonekana waliouunda hawakutegemea kwamba mama wa watoto sita naye anaweza kutaka kuokoa dunia. Ikabidi nipunguze urefu ili uwiano ukae sawa, hesabu ambayo fundi yeyote anaijua.

Upande wa mavazi nusura nilie. Nguo za kubana tupu, hazina zipu, hazina kifungo, hazina mshono wa kuingilia. Nilimuuliza Kebo watu hawa wanavaa wakipitia wapi. Shuka za mgongoni zimening'inia mabegani bila pini wala uzi. Nikatafuta gauni, nikapata moja la kufika magotini, nikalitia kijani, nikampa na buti za kusitiri miguu. Nilipomzungusha, moyo ukanipiga paa. Alikuwa yeye. Hata ule usimamaji wa askari, miguu imeachana, kidevu juu. Nikajikuta nimeinamisha macho nikitafuta kucha zake za miguu, kumbe amevaa buti.

Na gauni lilimkaa. Kila mahali. Nikaandika jina kwenye kisanduku cha jina, kama ninavyobandika jina la mteja kwenye kitambaa chake: MAMA MKWE. Kisha nikabonyeza kitufe cha kijani nikidhani ndicho cha kuhifadhi.

Kumbe nimemtupa mama wa watu vitani.

Nawaambieni nilichokiona, maana ndiyo mara yangu ya kwanza na nilikuwa na miaka hamsini na miwili. Uwanja mkubwa, majengo ya vioo, na watu. Mmoja anawaka moto mwili mzima, amesimama tu. Nikamwamkia, hakuitika. Kebo akaniambia huyo kaenda kula kwao, mwili kauacha. Wengine watatu wanacheza dansi bila muziki. Mwingine ana mabawa lakini anatembea. Katika mji ule wenye mashujaa elfu moja sikumwona hata mmoja anayefanya kazi.

Pembeni jambazi akampora mama mmoja mkoba. Mama akalia, "Nisaidieni, mkoba wangu." Nikababaika na vitufe, nikamsukuma jambazi, mkoba ukarudi, mama akashukuru. Nilikuwa sijageuka vizuri, jambazi mwingine akampora tena. Mama akalia maneno yale yale. Nikamwokoa mara nne. Ya tano nikamshauri ahame mtaa.

Kebo alikuwa amejishika mbavu. Akaniambia yule mama si mtu, ni wa mchezo, ataporwa hivyo hivyo hadi kiyama. Nikaona basi anafanana na mimi.

Halafu nikafa. Kitu kama trekta lenye mikono sita kilitokea nyuma yangu, kikamrusha Mama Mkwe ukutani, skrini ikawa nyekundu. Nilisimama nikashika kichwa. Nimemuua mama wa mke wangu Jumanne mchana, na Jumamosi ana picha. Lakini haikupita dakika, akaamka hospitalini, mzima, gauni halina hata mkunjo. Hakuna foleni, hakuna karatasi, hakuna kuambiwa mrudi wiki ijayo na majibu. Hapo ndipo nilipoamini kwamba mchezo huu ni wa uongo.

Nje ya hospitali mashujaa wanne walikuwa wanatafuta mtu wa tano. Kiongozi wao alijiita Radi Tano. Akaniandikia kwenye ule mstari wa maongezi, akitaka kujua nina nguvu gani. Nilikuwa sijui hata kama nimechagua. Nikaandika kwa vidole viwili, "Mimi ni mkwe."

Kisha Radi Tano akaandika, "Shikamoo Mama Mkwe." Na wale watatu wakafuata mmoja mmoja, shikamoo, shikamoo, shikamoo. Watu wanaoweza kupasua milima. Nikawaitikia marahaba wanangu. Ilinipendeza kuliko ninavyotaka kukiri hapa gazetini. Miaka kumi na moja naamkia tu, leo naamkiwa.

Kumbe Kebo alikuwa amenichagulia nguvu mwenyewe, pale nilipokuwa nahangaika na nyonga. Alimpa mama yake ya kuzuia. Ukibonyeza kitufe kimoja, Mama Mkwe ananyoosha kiganja mbele, na kinachokuja kinasimama. Tulipolikuta tena lile dude la mikono sita, Radi Tano na wenzake wakarushwa huku na huku. Nikabonyeza. Mama Mkwe akasimama katikati ya barabara, gauni la kijani, mkono mmoja mbele, mwingine kiunoni. Dude likafunga breki. Wenzangu wakalimaliza.

Nilicheka hadi machozi. Sikuona kwamba Kebo alikuwa anarekodi.

Jumatano nikarudi kwenye lililonipeleka. Nilikuwa na swali dogo, la kifundi tu. Shujaa wa kwenye mchezo nimempa vipimo vile vile vya karatasi, gauni limemkaa. Gauni la kweli lilikuwa na vipimo hivyo hivyo, likamvuka. Mmoja kati yetu anadanganya, na cherehani haina mdomo.

Nikachukua picha za siku ile ya kuagwa, ambazo Kebo alizipiga. Kuziangalia ilikuwa adhabu, lakini nikaziangalia. Nguo niliishona mwenyewe, najua kila mshono uko wapi. Mahali mkunjo unapoanzia ndipo mwili unapoishia. Mchezo unakuruhusu kuwa na mashujaa wawili, basi nikamtengeneza wa pili, safari hii kwa kuisoma picha, karatasi nikaiweka kando.

Kiuno, kushoto. Kushoto tena. Nikafika inchi nne. Kifua, inchi mbili na nusu. Mabega nayo yakaingia ndani. Nikamvika gauni la yule wa kwanza, saizi ile ile. Bega likateremka, na kiuno kikaelekea mgongoni.

Nakiri, kwa kuwa hapa ndipo mahali pa kukiri: kwanza nilifurahi. Niliruka nikaizunguka meza. Sikukosea. Mkono wangu haukukosea, futi yangu haikukosea, ni vipimo ndivyo vilivyokuwa vya zamani. Nilishaanza kutunga maneno nitakayomwambia mke wangu akija kuomba radhi, na jinsi nitakavyochelewa kidogo kumsamehe ili imwingie.

Nilikuwa mzunguko wa pili wa meza nilipogeuka nikawaona wote wawili kwenye skrini, bega kwa bega. Huyu wa karatasi na huyu wa picha. Furaha ikaniishia miguuni. Mtu mzima hapotezi inchi nne kimya kimya. Na akizipoteza, asimwambie mtu, akakubali gauni limvue mbele ya watu na fundi abebe lawama, mtu huyo ana sababu.

Nilikuwa bado nimesimama hivyo simu ilipolia. Kebo alikuwa ameirusha ile video ya Mama Mkwe kwa rafiki yake mmoja tu. Rafiki mmoja akawa wawili, na jioni ile ikawa imefika kwenye grupu la simu la askari wa barabarani, wastaafu na walio kazini. Ujumbe ulitoka kwa Taa Nyekundu mwenyewe, hajawahi kunitumia hata mmoja tangu nioe.

"Nimejiona. Nakuja kesho saa nne."

Alhamisi nilifagia chumba mara mbili. Kebo nilimsubiri aje kubeba msalaba wake, lakini aliitwa mtaa wa pili kutengeneza kompyuta, au alijiita mwenyewe. Saa nne kamili mlango ukafunguka. Taa Nyekundu hajawahi kuchelewa wala kuwahi. Alikuwa peke yake, amevaa koti zito la mvua, na nje jua lilikuwa linapasua mawe.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba. Washa hicho kitu."

Nikawasha. Wale wanawake wawili wakatokea kwenye skrini, wamesimama, wanangoja kuchaguliwa. Nilikuwa nimesahau kumfuta wa pili. Kama kuna dakika niliyotamani dude la mikono sita litokee lichukue watu, ni hiyo.

"Huyu ni mimi," akasema, akimwonyesha yule wa karatasi. Kidole kikahamia kwa wa pili. "Na huyu wa pembeni?"

Nikatazama kucha zake za miguu. Zilikuwa ndani ya viatu, na kamba za viatu zilikuwa zimekazwa mpaka ngozi ya kiatu imekunjana, maana hata miguu ilikuwa imepungua.

"Huyo sijampa jina, Mama."

Akavuta stuli akakaa. Nilidhani atafoka. Alivua koti taratibu, akaliweka mapajani, na sikuhitaji picha wala vijiti vya kusogeza.

"Mwezi wa saba huu naumwa," akasema.

Akaniambia yote, bila kupandisha wala kushusha sauti, kama anasoma ripoti ya ajali ya mtu mwingine. Hospitali anayokwenda ni ya mbali, aliyoichagua kwa sababu huko hakuna anayemjua. Nyumbani anaaga kuwa ana semina ya wastaafu. Dawa ameanza, zinamla kuliko ugonjwa wenyewe, na daktari hajamwahidi kitu, si hiki si kile. Anajua yeye, daktari, na sasa fundi cherehani.

Kisha akaniambia jambo lililonikata ini. Mke wangu hakukosea kupima. Hakupima kabisa. Siku ile alipokwenda na futi, mama yake alimwambia aandike zile namba za miaka yote, mwili haujabadilika. Mtoto akamwamini mama yake. Na mimi nikamwambia anapima kwa hatua za miguu.

Nikamwambia Mama, basi tumweleze. Ni mwanao, atakushika mkono.

"Ndicho nisichotaka," akasema. "Nimesimamisha malori kwa mkono mtupu miaka thelathini na nne. Siku watakapojua, wataanza kunishika mkono kunivusha barabara. Itafika siku hiyo, najua. Lakini Jumamosi nataka kutundikwa ukutani nikiwa huyu." Akamgusa yule mnene kwenye kioo, kwa kidole kimoja. "Unaweza kunirudishia inchi nne?"

Naweza. Ndiyo kazi. Sponji mabegani, pamba iliyoshindiliwa nyongani na kiunoni, bitana mbili ili isijulikane. Nimewashonea hivyo watu wengi walioniomba nisiseme, na sijasema. Siri za fundi ni nyingi kuliko za daktari, tena sisi hatukuapishwa.

Nikamwambia naweza. Akaniambia mwanawe asijue, wala Kebo asijue, na nikamwambia hawatajua. Msiniulize mbona leo nayaandika gazetini. Hilo lina siku yake.

Lakini mnaiona hesabu ilivyokaa. Gauni likimkaa, mke wangu anarudi Jumapili. Atarudi akiwa amebeba lawama isiyo yake, na mimi nitamwacha aibebe, nikijua kwamba mama yake anakwisha chini ya pamba niliyoishindilia mimi. Siku akijua, na siku hiyo itafika, hatanisamehe kwa sababu ya gauni. Na nikimwambia sasa hivi, nimeshinda kesi yangu, mke amerudi kabla ya Jumapili, na nimemvua mama mtu nguo mara ya pili, safari hii bila jukwaa.

"Basi nipime," akasema.

Nilidhani sikusikia vizuri. Akasimama katikati ya chumba, akanyoosha mikono yote miwili pembeni, sawasawa na pale njia panda. Akaniambia gauni la uongo linahitaji vipimo vya kweli, na hawezi kumtuma mtu mwingine. Nikatoa futi shingoni. Ikanidondoka mara mbili, mimi ambaye natia uzi kwenye sindano nikiwa napiga soga.

Nilimpima nimefumba macho, nafumbua jicho moja kusoma namba, nafumba tena. Futi ilimzunguka ikabaki ndefu. Mimi nilisema pole Mama, mara moja, na yeye akasema andika. Nikaandika kwenye karatasi ile ile ya mke wangu. Kushoto namba zake, kulia za kwangu.

Tulipomaliza akavaa koti lake, akalifunga hadi juu. Nilidhani anaondoka. Akarudi kwenye stuli, akaitazama skrini.

"Huyu mnene anaendeshwaje?"

Nikamwonyesha vitufe, hiki cha mbele, hiki cha nyuma, hiki cha mkono. Mji ukafunguka. Mashujaa wanapita juu, chini, wengine wanapishana hewani nusura wagongane, mmoja anakwenda kinyumenyume. Mama mkwe akatazama muda mrefu, akaguna. Akasema hawa hawana leseni.

Akampeleka Mama Mkwe mpaka katikati ya makutano makubwa, akambonyeza mkono juu. Waliokuwa mbele wakasimama, mchezo unawasimamisha watake wasitake. Radi Tano naye alikuwepo. Akaandika shikamoo Mama Mkwe, wenzake wakaandika, na Taa Nyekundu akaitikia marahaba kwa sauti, chumbani kwangu, kana kwamba wanamsikia. Akaniamuru niwaandikie kwamba wa kulia wanapita kwanza, wanaoruka wakae juu ya wanaokimbia, na yule wa shuka nyekundu asogee pembeni ajieleze.

Walitii. Sijui kwa nini. Nadhani walikuwa wamechoka kuokoa mkoba ule ule. Wakapanga foleni hewani, thelathini, arobaini, wanangoja mkono wake ushuke. Aliposhusha wakapita. Alipoinua wakasimama. Na mama mkwe wangu akacheka, kicheko kizima cha tumboni, ambacho sijawahi kukisikia kwa miaka kumi na moja. Nami nikacheka. Nilijisahau nikamtazama usoni. Macho yake ni ya kahawia hafifu, kama ya mke wangu.

Ndivyo tulivyokuwa mlango uliposukumwa.

Mke wangu aliingia na simu mkononi, video inacheza, mdomo tayari umeshafunguka kunitukana kwa kumfanya mama yake kichekesho cha mji. Akamwona mama yake mwenyewe amekaa mbele ya kompyuta mezani pangu, mgongo kwake. Akaniona mimi, futi mkononi. Macho yake yakashuka mezani.

Nilichelewa. Karatasi ilikuwa wazi kabisa, kati ya chaki na mkasi, na mke wa fundi haelezwi vipimo. Akaiokota. Akasoma mwandiko wake kushoto, akasoma mwandiko wangu kulia, akarudi kushoto. Nilimwona akitoa moja katika nyingine kimoyomoyo, midomo inacheza. Alipofika kiunoni midomo ikasimama.

"Baba Pacha," akasema, polepole, sauti ya mtu anayeshuka ngazi gizani. "Hivi vya kulia ni vipimo vya nani?"

Taa Nyekundu hakugeuka. Niliuona mkono wake mwembamba ukitoka kwenye mkono wa koti, ukabonyeza kitufe kimoja. Kwenye skrini Mama Mkwe akanyoosha kiganja, na mji mzima ukasimama hewani ukingoja.

Mke wangu aliuliza tena, safari hii ananitazama mimi, karatasi ameninyooshea. Nikafungua mdomo. Kilichotoka humo, tukutane wiki ijayo.